Bwana Ngwali na Mbwa Aitwaye Muungwana

Jina la nchi yenyewe silitaji. Si adabu kumtaja mtu mzima kwa jina lake hadharani, na nchi hii ni ya watu wazima: ina bendera, ina wimbo wa taifa, na ina Wizara ya Ustaarabu, ambayo nasikia majirani zetu hawana. Itoshe kusema kwamba ni nchi yetu, na kwamba sisi wenyeji wake ndio watu wenye adabu kuliko wote duniani. Tuliambiwa hivyo na Wizara yenyewe baada ya utafiti iliyoufanya juu yake yenyewe.

Kwetu, mtu ambaye nyumba yake inaungua akiulizwa habari za asubuhi hujibu nzuri. Ataulizwa watoto, atajibu wazima. Ataulizwa mifugo, atajibu haijambo. Yakishaisha yote hayo, na kama aliyemuuliza bado hajaondoka, ndipo ataongeza: "Ila nyumba kidogo inaungua." Wageni hutushangaa. Sisi huwahurumia, kwa sababu kwao mtu huanza na moto.

Hata kwa vipimo vyetu, Bwana Ngwali Faki alikuwa amezidi. Alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji, na kabla ya kuinamia mita ya mtu alikuwa akiiomba radhi. Mwaka fulani gari la mizigo lilimkanyaga kidole gumba cha mguu, akamtaka radhi dereva kwa kumchelewesha safari. Kidole kile hakikupona vizuri, lakini dereva alimsifu sana, na Bwana Ngwali aliitaja sifa ile hata harusini.

Asubuhi ya tukio alikuwa amesimama kwenye geti la Waziri wa Ustaarabu, Mheshimiwa Kombo Takrima. Getini alikuwapo mbwa wa Mheshimiwa, aitwaye Muungwana. Mbwa huyu alikuwa na nishani. Hakuwahi kumbwekea mgeni tangu azaliwe, na kwa sababu hiyo picha yake ilibandikwa katika kila ofisi ya umma, chini yake maneno: HATA MBWA ANAWEZA. Mimi mwenyewe nimewahi kukemewa huku nikionyeshwa picha hiyo.

Siku hiyo Muungwana alikuja akipepesuka, taya limelegea, udenda unamchuruzika hadi kifuani. Hakubweka. Alimwendea Bwana Ngwali, akamkamata shavu la mguu na kulitafuna. Bwana Ngwali alisimama akamsubiri amalize. Mbwa alipomwachia, mtu huyu akasema, "Samahani."

Mheshimiwa Takrima akatoka na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini ya kusomea taarifa ya habari.

"Pole sana, ndugu yangu. Amekuuma?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa. Si kitu."

"Muungwana haumi. Nadhani alikuwa anakusalimu."

"Ndivyo nilivyomwelewa, Mheshimiwa. Mbwa mzuri sana."

Damu ilikuwa imeshajaa kwenye kiatu. Bwana Ngwali aliisoma mita, akamtakia Mheshimiwa siku njema, akachechemea barabarani taratibu ili asionekane kama anayelalamika.

*

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa na adabu zake zote, lakini za nje. Kwetu adabu huvuliwa mlangoni pamoja na viatu, vinginevyo ndoa zisingedumu. Alipouona mguu, alimburuta mumewe hadi bombani, akafungua maji yatiririke, akasugua kidonda kwa sabuni hata Bwana Ngwali akawa anamwita mama yake marehemu.

"Tulia! Mbwa mwenyewe alikuwaje?"

Bwana Ngwali akaeleza kuhusu kupepesuka, taya na udenda.

"Baba Shani, huyo mbwa ana kichaa."

"Mama Shani, ana nishani."

"Ana kichaa na nishani! Hujui kwamba kichaa cha mbwa kikishafika kichwani hakuna dawa tena, ni kaburi tu? Dawa ni kabla. Nenda hospitali sasa hivi uwaambie wakuchanje."

"Nitawaambia."

"Uwaambie kwa sauti."

"Sauti tena, Mama Shani?"

Akaenda. Mapokezi palikuwa na nesi mwenye uso mwema, kofia yake imenyooshwa vizuri.

"Karibu, baba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, binti yangu."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

"Na nyumbani?"

"Wote wazima, tunamshukuru Mungu."

Nesi akatabasamu. "Asante kwa kututembelea, baba. Msalimie mama."

Bwana Ngwali akajikuta yuko nje. Hakuna aliyemfukuza. Ni utaratibu tu: mgonjwa huulizwa hali mara tatu, na akijibu nzuri mara zote, huruhusiwa kwenda zake, maana serikali haiwezi kumlazimisha raia kuumwa. Kwa utaratibu huo nchi yetu ina wagonjwa wachache kuliko nchi yoyote. Vifo vipo, sikatai, lakini marehemu hawahesabiwi kuwa walikuwa wagonjwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyerudi kulalamika.

"Ulisemaje?" Mwanahawa akauliza.

"Nilisema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu wakanishukuru."

Mwanahawa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alicheka kwanza, kicheko cha kweli, kwa sababu alimjua mumewe na alimpenda hivyo hivyo alivyo. Kisha kicheko kikageuka, akajifuta machozi kwa kanga. Bwana Ngwali alimtazama akaingiwa na hofu ambayo mbwa mwenyewe hakuweza kumtia. Aliwaza kwamba atakufa, na kwamba hata Malaika wa mauti akija atamkaribisha kiti na kumwuliza habari za safari.

*

Kesho yake Mwanahawa alimpeleka kwa wakili wa serikali anayesaidia wananchi bila malipo. Wakili alikuwa dada mmoja kijana, mpole, aliyesomea sheria mpaka akapata miwani. Alimsikiliza Bwana Ngwali kwa makini, akatoa kitabu kinene, akasoma kwa furaha.

"Baba, una haki nyingi ajabu! Sikiliza. Mwenye mbwa anatakiwa kumchanja mbwa wake. Mbwa akimuuma mtu, mwenyewe anatakiwa kumfungia na kumwangalia kama ana ugonjwa, na kutoa taarifa. Tena anatakiwa kugharamia matibabu yako na kukufidia maumivu. Sheria hii inasifika. Wageni hupanda ndege kuja kuisoma."

"Nashukuru, mwanangu," alisema Bwana Ngwali, na kweli alijisikia nafuu. Alijiona mtu mwenye haki, akakaa wima.

"Ila nina swali dogo tu. Mwenye mbwa alipokupa pole, ulimjibuje?"

"Nilisema si kitu."

Wakili akakifunga kitabu polepole, kwa masikitiko.

"Basi, baba, kisheria imekwisha. Shauri lililomalizwa kwa adabu halifufuliwi. Ni kifungu cha kwanza kabisa, kiko hata kabla ya fasili za maneno."

"Lakini ni kitu!" Mwanahawa akasema. "Tazama mguu huu!"

"Mama, mimi nakuona una haki kabisa," wakili alisema kwa upole. "Bahati mbaya mwenye mguu ni yeye." Akashauri jambo moja: Bwana Ngwali amwendee Mheshimiwa mwenyewe, amwombe ruhusa ya kulitengua lile neno. Asiende mikono mitupu, isionekane kama madai.

Ndivyo Bwana Ngwali alivyokwenda kudai haki yake akiwa amebeba jogoo.

Alimkuta Mheshimiwa Takrima barazani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe.

"Poleni, Mheshimiwa. Mmeumia?"

"Hapana, ni miba ya waridi tu," alisema Mheshimiwa, akaufutika mkono mfukoni. "Karibu. Jogoo mzuri huyo."

Bwana Ngwali akatazama getini. Mnyororo ulikuwa umelala chini peke yake. Pembeni, penye maua, palikuwa na tuta jipya la udongo, refu kadiri ya mbwa mmoja mkubwa.

"Na Muungwana hajambo?"

"Hajambo, hajambo. Amepumzika."

"Amelala?"

"Amelala," alisema Mheshimiwa.

Wakatazama tuta kwa pamoja. Kila mmoja alijua, kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Wakaishia kuzungumza juu ya mvua. Bwana Ngwali akaaga. Njiani ndipo alipogundua kwamba amekwenda kudai haki, ameacha jogoo, na amerudi na habari kwamba mbwa aliyemuuma amekufa kwa kichaa. Akasimama katikati ya barabara akajicheka kwa sauti. "Ngwali wee," alijiambia, "hata ukizikwa hai utauliza kama udongo umewachosha wachimbaji."

*

Mwanahawa aliposikia hakupoteza muda. Alimketisha mumewe jikoni akaanza kumfundisha kukosa adabu.

"Mimi ni nesi. Habari za asubuhi?"

"Nzu—"

Akapigwa begani kwa mwiko.

"Habari za asubuhi?"

"Si nzuri sana, ila haidhuru."

"Inadhuru! Sema mbaya. Sema nipeni sindano."

"Naomba, kama haitakuwa usumbufu..."

"Nipeni!"

"Nipeni... tafadhali."

Walikesha kwenye neno hilo hadi ugali ukaungua. Mwishowe Bwana Ngwali alitamka "Nipeni" bila mkia wowote, akashika mdomo kwa aibu. Mwanahawa alimkumbatia. Alimwambia kwamba hajawahi kujivunia mume kiasi hicho tangu wafunge ndoa.

Akarudi hospitali. Nesi alikuwa yule yule.

"Karibu, baba. Habari za asubuhi?"

"Mbaya!"

Bibi mmoja akajifunika kanga masikioni. Mzee wa pembeni aliyekuwa akikohoa tangu alfajiri akasitisha kikohozi.

"Nimeumwa na mbwa mwenye kichaa," Bwana Ngwali akaendelea, "na mbwa ameshakufa, na nataka sindano, na naitaka sasa hivi!"

Nesi akaminya kengele. Daktari akaja mbio, kijana mrefu mwenye macho ya huruma. Alimtazama Bwana Ngwali, kisha akatazama bango la Wizara lililobandikwa ukutani, lenye dalili za kichaa cha mbwa. Dalili ya kwanza, kwa herufi kubwa, ilikuwa: MGONJWA HUPOTEZA ADABU.

"Masikini," akasema. "Amekwisha."

"Juzi alikuwa mstaarabu kabisa," nesi akaongeza, machozi yakimlengalenga. "Alinisalimia vizuri mno."

"Mzee wangu," daktari akasema, "dalili zikishaanza, chanjo haisaidii tena. Hiyo si Wizara, hiyo ni sayansi."

"Lakini nilipokuja na adabu mlisema ni mzima!"

"Na ulikuwa mzima."

"Basi mtu anachanjwa lini?"

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwa dhati, akakuna kidevu. "Katikati," alisema hatimaye. "Baada ya adabu, kabla ya kukosa adabu. Kwa kweli bado hatujampata mtu wa hapo."

Wakamletea maji ya kunywa, kwa kuwa mwenye kichaa huogopa maji. Bwana Ngwali alikunywa gilasi nzima, akairudisha kwa mikono miwili na kusema, "Naomba nyingine, kama mnayo." Daktari akachanganyikiwa. Dalili ya kwanza ilikuwapo, na sasa haikuwapo. Akaamuru mgonjwa akae kwenye benchi la varandani mpaka abainike yuko upande gani.

*

Alikuwa bado kwenye benchi hilo magari yalipoingia. Mheshimiwa Takrima alikuja kuwajulia hali wagonjwa, akiwa na waandishi wa habari na kamera zao. Nyuma yake wanaume wawili walibeba sanduku la barafu, na wakatangaza kabla ya kuulizwa kwamba ni soda za Mheshimiwa. Sanduku likaingizwa chumba cha sindano.

Mheshimiwa alipita akisalimia watu kwa mkono wa kushoto. Kwetu hilo ni tusi, hata watoto hucharazwa kwa ajili yake. Lakini kwa kuwa aliyefanya ni Waziri wa Ustaarabu, wote tuliokuwa benchini tukaelewa kwamba ni mtindo mpya, na benchi zima likaanza kutoa mikono ya kushoto.

Akafika kwenye mlango wa chumba cha sindano. Bwana Ngwali, aliyekuwa ameketi hapo hapo, akainuka kwa heshima, na yeye na Mheshimiwa wakakutana kizingitini. Kamera zilikuwa zinatazama. Mheshimiwa akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote: akarudi hatua moja, akanyoosha kiganja kuelekea mlangoni.

"Tangulia, ndugu yangu."

Ni lazima nieleze kwamba kwetu neno hilo husemwa ili likataliwe. Wapo waliowahi kuambiana tangulia kwenye mlango wa posta mpaka posta ikafungwa. Anayeambiwa husema "hapana, wewe kwanza," mkubwa hulazimishwa kidogo, kisha mkubwa hupita. Tangu tupate bendera hajawahi kutokea mtu wa chini akatangulia.

Bwana Ngwali akafungua mdomo kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha akamwona mawazoni Mwanahawa vile alivyoketi juu ya ndoo na kanga yake usoni, akalimeza.

"Asante, Mheshimiwa," akasema, akaingia, akafunga mlango.

Daktari alikuwa ameshika sindano tayari. "Wewe tena?"

"Nimetangulizwa na Waziri."

Hapo daktari hakuwa na la kupinga, na nadhani alishukuru kwa hilo. Alimsafisha kidonda upya, akamchoma dawa kukizunguka, akamchoma chanjo begani, akamwambia siku za kurudi kwa sindano zilizobaki. Zilimuuma, na Bwana Ngwali akasema kwamba zimemuuma. Alipouliza kama dawa ingemtosha na mtu mwingine, daktari alimwonyesha sanduku. Dawa ilikuwa ya kutosha watu kadhaa.

Alitoka amejaa furaha hata akasahau kuchechemea. Angeweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Mheshimiwa alikuwa bado pale nje, anatabasamu kwa kamera, mkono wa kulia ndani ya mfuko. Ncha ya kitambaa cheupe ilichungulia mfukoni. Bwana Ngwali akamwonea huruma ya kweli. Aliwaza kwamba katika jumba lile lote hapakuwa na mtu wa kumburuta Waziri bombani na kumsugua kwa sabuni huku akimfokea.

Akamsogelea, akanong'ona. "Mheshimiwa, sasa zamu yako. Ingia."

"Mimi? Mimi nimekuja kuwaona wagonjwa."

"Dawa ipo, Mheshimiwa. Na ule si mwiba wa waridi."

"Habari za nyumbani, ndugu yangu?"

"Mheshimiwa, yule mbwa..."

"Watoto hawajambo?"

"Achana na watoto!" Bwana Ngwali akapaza sauti, na safari hii hakuna aliyekuwa amemfundisha. "Mbwa amekufa kwa kichaa na amekuuma na wewe! Ingia uchomwe, utakufa bure!"

Kamera zote zikageuka. Mheshimiwa Takrima alirudi nyuma hatua moja. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeogopa sana, na mkono ukaanza kutoka mfukoni. Kisha akawaona waandishi, akaurudisha. Akamtazama Bwana Ngwali kwa huruma iliyopimwa vizuri.

"Masikini," alisema kwa sauti yake laini. "Mnaona, ndugu zangu? Hiyo ndiyo dalili yenyewe."

Wote tukatikisa vichwa. Mheshimiwa akaendelea na ziara, akapita benchi zima kwa mkono wa kushoto, akituuliza hali mmoja baada ya mwingine, na sote tukajibu nzuri. Mimi, niliyekuwa na jiwe kwenye figo na sijakojoa tangu jana yake, nilijibu nzuri sana. Bwana Ngwali aliendelea kupiga kelele mpaka walinzi walipomwomba radhi na kumtoa nje.

Mheshimiwa akashuka ngazi kuelekea garini. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na sindano ya pili mkononi. Alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu kwetu mtu mkubwa haitwi kwa nyuma.